Spika Tano, Sabufa Moja na Mama Mkwe

Mke wangu amemwona yule dinosaria akija mara arobaini. Hajui alikotoka, hajui alikokwenda, na mpaka mwezi uliopita alikuwa hajui kama wale watoto wawili waliokuwa ndani ya gari walipona. Kila dinosaria akishafika na kunguruma, mimi nilikuwa nasimamisha filamu, nanyanyuka, nasogeza spika kiasi cha kidole kimoja, narudi kukaa, narudisha nyuma dakika mbili. Maji yanatikisika tena kwenye glasi. Mguu unapiga tena.

"Hapo vipi?" namuuliza.

"Hapohapo," ananijibu, macho hayatoki kwenye mchele anaouchambua.

Dinosaria huyo nilimchagua kitaalamu. Jurassic Park ilitoka mwaka 1993 na ndiyo iliyouingiza kwenye sinema mfumo wa DTS, ambao sauti yake haikukaa kwenye mkanda wa filamu. Ilikaa kwenye diski za CD zilizozunguka pembeni zikifuata alama zilizochapwa kwenye mkanda. Mwaka mmoja kabla, Batman Returns ilikuwa imefungua dimba kwa Dolby Digital. Basi enzi hizo ndipo sauti ya dijitali ilipoanza kumzunguka mtazamaji kwenye majumba ya sinema huko duniani. Kwangu Tabata ilichelewa miaka thelathini tu na ushee.

Ilichelewa kwa sababu nilikuwa na sabufa. Naomba nieleweke: hapa kwetu ukisema sabufa watu wanaelewa seti nzima, lile boksi lenye taa za disko, tundu la flashi, redio ndani yake na vispika viwili vya kuning'iniza. Yangu ilidumu miaka sita na haikuniomba kitu. Unachomeka, inapiga. Sasa jamaa mmoja kazini akanifungua macho, akaniambia hiyo siyo sauti, ni kelele zenye taa. Jumamosi ile ile nikawa Kariakoo nabeba amplifaya ya mtumba kutoka Uingereza, nzito kama mtoto wa chekechea asiyetaka kwenda shule, pamoja na spika tano, sabufa ya kweli, na maiki ndogo iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Muuzaji alipoiona ile maiki aliniambia naweza kuitupa. Yule ndiye mtu wa kwanza kunipa ushauri wa bure wenye thamani katika mkasa huu.

Mfumo huo unaitwa tano nukta moja. Tano ni spika tatu za mbele, yaani kushoto, kati na kulia, na mbili za ubavuni kuelekea nyuma. Nukta moja ni sabufa. Imeitwa nukta kwa kuwa njia yake hubeba mzito, yaani besi, peke yake, kutoka chini kabisa mpaka Hz 120, wakati wenzake wanapanda hadi 20,000. Ina sehemu ndogo kabisa ya kazi na ndiyo inayosikika mtaa wa tatu. Kila ukoo una mtu wa aina hiyo.

Kanuni zinasema spika za mbele zikae nyuzi 30 kila upande wa msikilizaji, na zile za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120. Waliotunga kanuni hizo hawakuwa na friji sebuleni. Kwangu nyuzi 110 za kulia ziliangukia friji, kwa hiyo spika ikapanda juu ya friji. Nyuzi 110 za kushoto ziliangukia mlango wa kuelekea msalani, kwa hiyo spika ikasimama juu ya stuli hapo mlangoni, na kila aliyebanwa ilimbidi apite ubavu ubavu kama anayeingia daladala la saa kumi na mbili jioni.

Na sebule yenyewe sasa. Mita 4 kwa 5, kuta za tofali za saruji, vigae sakafuni, madirisha ya vioo na aluminiamu. Ukiangusha kijiko, kinaanguka mara tatu. Nilisoma kwamba mwangwi hutulizwa kwa vitu laini, nikatundika godoro la futi nne kwa sita ukutani. Likakaa siku moja. Jioni walikuja wageni, wakaliangalia, wakaangaliana, mmoja wao akamvuta mke wangu pembeni akamuuliza kwa huruma ni mtoto yupi anayejikojolea.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akaja kutoka Morogoro kutibiwa mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa na ukungu, lakini masikio, Mungu amjalie, yalikuwa kama ya paka. Mimi na yeye tunaheshimiana kwa kukwepana: nikiingia yeye anatoka, nikikohoa yeye anajitanda kanga vizuri. Alikaa kwenye kiti cha ukutani, karibu na dirisha. Mimi nilikaa katikati ya chumba, kwenye kiti nilichokipima kwa makini, kama sultani. Pakumbuke mahali viti hivyo vilipo.

Sasa ile maiki. Amplifaya za aina hii zinajipima zenyewe: unaweka maiki pale kinapokuwa kichwa cha msikilizaji, mashine inatoa milio kwenye spika moja baada ya nyingine, inasikiliza, inapanga. Maiki inatakiwa iwe kwenye kigoda cha miguu mitatu, usawa wa masikio. Kigoda hicho sikuwa nacho. Nikachukua kinu, nikasimamisha mchi ndani yake, nikaubana kwa ndala mbili usiyumbe, na juu ya mchi nikaifunga maiki kwa mpira wa nywele wa binti yangu. Ilipendeza. Ilifanana na kitu ambacho mganga angekataa kukieleza mbele ya watu.

Sharti moja tu: kimya. Nilizima feni. Nikazima friji. Nikawaomba watoto watoke nje. Nikabonyeza. Mashine ikatoa mlio mmoja, ikasikiliza, ikaandika kwamba kelele za mazingira zimezidi. Ilikuwa bodaboda. Mara ya pili alipita muuza mchicha. Mara ya tatu jirani alikuwa anakata chuma. Mara ya nne sikujua ni nini, nikatoka nje kuangalia, nikakuta ni watoto wangu niliowatoa nje. Mara ya tano tulifika mbali: mashine ikasema spika ya mbele kushoto imegeuzwa, nikaona inanidharau, nikabonyeza kuruka, na hapo hapo jogoo wa jirani akawika saa tisa alasiri bila sababu yoyote. Nikaifungua maiki kwenye mchi. Kinu kilihitajika kwa kisamvu.

Nikaamua kupima kwa mkono. Njia ya mkono ni hii: amplifaya inatoa mvumo mmoja usiokatika, inautuma kwenye spika ya kushoto, kisha ya kati, kisha ya kulia, mpaka izunguke zote, nawe unaongeza na kupunguza hadi kila moja ifike desibeli 75 kwenye mita. Mita yangu ilikuwa simu. Na mvumo wenyewe, nawaomba mnielewe, ni ule wa mvua ya masika juu ya bati. Shhhhh.

"Anueni nguo!" mama mkwe alipaza sauti kutoka chumbani.

Dada wa kazi akatoka mbio. Mke wangu akatoka mbio akiwa na unga mikononi. Mvua ikahamia spika ya kati. Mama mkwe akajitokeza mlangoni akipapasa ukuta, akasikiliza, akasema sasa inanyesha upande wa televisheni. Ikahamia juu ya friji. "Hii mvua ya wapi inazunguka nyumba?" Nguo zilikuwa zimeingia zote, zikiwa mbichi, zimerundikwa juu ya spika ya kushoto, nami nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nimeinua simu juu kama anayetafuta mtandao. Jua lilikuwa linawaka nje. Hakuna aliyeniambia kitu. Nguo zikarudi kambani kimya kimya, na kimya cha wanawake watatu kina desibeli zake ambazo simu haizioni.

Hatua iliyofuata ni umbali. Sauti husafiri kama sentimita 35 kwa milisekunde moja katika joto letu, kwa hiyo spika iliyo karibu inabidi icheleweshwe ili zote zifike sikioni pamoja. Nilipima kwa futi kamba ya cherehani, nikapata mita 3.1 mbele na mita 1.2 nyuma. Mashine ikauliza umbali kwa futi. Mimi nilikuwa nimepima kwa futi, sivyo? Nikaingiza 3.1 na 1.2. Ndiyo maana kwa siku mbili kila risasi iliyofyatuliwa mbele ya kioo ilikuwa na mwenzake kisogoni aliyefika mapema, karibu milisekunde nne kabla ya wakati wake. Kosa hilo naligawa nusu kwa nusu na lugha ya Kiswahili, iliyoona ni sawa kifaa na kipimo viitwe jina moja.

Kisha mashine ikaniuliza: spika zako ni kubwa au ndogo? Utamwulizaje mwanamume swali kama hilo? Nilizibeba mwenyewe kutoka Kariakoo, mkono ukafa ganzi. Nikajibu kubwa, zote tano. Baadaye nikaja kujua kwamba swali halihusu ukubwa wa boksi. Linauliza kama spika inaweza kuubeba mzito wote peke yake. Wajuzi wanapendekeza uzikiri kuwa ndogo, uzikatie Hz 80, na mzito wa chini ya hapo umwachie sabufa. Nilikiri, lakini usiku, watu wakiwa wamelala.

Hata baada ya kukiri, mzito sikuuona. Dinosaria alipiga hatua, maji yakatikisika, na kifuani kwangu hamna kitu. Nikaongeza sabufa. Hamna. Nikaongeza tena. Mama mkwe, kule ukutani, alikuwa ameshika kikombe chake cha chai kwa mikono yote miwili. Sikujua kwa nini. Kwa heshima aliyonayo hakusema neno, ila alimwambia binti yake kwamba nyumba hii ina upepo mwingi. Jirani yeye hakuwa na sababu ya kuniheshimu, akaja asubuhi kuuliza tumeanza lini biashara ya kusaga na kama tunakoboa pia.

Nikasoma tena. Kuna njia maarufu ya kutafuta mahali pa sabufa, inatumika dunia nzima, na inafanya kazi hivi: unaiweka sabufa kwenye kiti chako, pale unapokaa wewe, unaipigisha mzito usiokatika, halafu wewe unatambaa sakafuni kando ya kuta, sikio chini, mpaka ufike mahali panaposikika vizuri. Hapo ndipo pa sabufa. Siyo kazi ya mchana. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikiwa na bukta, nikaikalisha sabufa kwenye kochi langu, nikaiwekea mto nyuma isianguke, nikaanza kutambaa.

Nilikuwa nyuma ya kabati la vyombo mama mkwe alipotoka kwenda kuchota maji. Taa ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kwenye korido. Akaangalia kwenye kochi. Akaona, kwa ukungu ule, kitu cheusi kinene kimekaa pale ninapokaa mimi siku zote.

"Habari za asubuhi, baba."

"Duuuum," ikajibu sabufa.

Akasimama. Mimi nikafikiri haraka sana. Nikinyanyuka, ataniona na bukta, mkwe mzima, natoka nyuma ya kabati. Nikinyamaza, sabufa itajibu tena, na haina adabu. Nikasema, kutoka sakafuni, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaliambia kochi. Akachota maji yake, akarudi kulala.

Mchana mke wangu aliniletea taarifa kamili. Mama alikuwa na wasiwasi na afya yangu. Alisema nimenenepa ghafla, rangi imekolea ikawa nyeusi tititi, na sauti siku hizi inanitokea tumboni kwanza, kisha miguuni. Mke wangu ikabidi amweleze yote: sabufa, kochi, kutambaa. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Sasa si asogeze kiti?"

Nilicheka. Nikaenda kusoma ili nimpe jibu la kisomi, nikakuta jibu la kisomi ndilo hilo hilo. Sauti ya Hz 44 ina urefu wa kama mita 8. Chumba chenye upana wa mita 4 kinaingiza nusu yake kamili, inagonga ukuta, inarudi, inajazana kandokando ya kuta na kujifuta katikati. Katikati kabisa, pale sultani alipoweka kiti chake kwa kipimo, ndipo penye ukame. Ungeiweka sabufa kwenye dari au chini ya kitanda, pale pangebaki pakavu. Na kila nilipoongeza ili nisikie mimi, niliyekuwa namwongezea ni mtu wa ukutani. Kikombe kile hakikuwa kinashikwa kwa baridi. Nilisogeza kochi langu nusu mita upande, nikasogeza kiti cha mama mbali na ukuta, nikapunguza sabufa mpaka karibu nusu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia dinosaria anakuja na siyo anahama nyumba.

Baada ya hapo sikumdharau tena. Jioni moja aliomba muziki, na muziki kwa mtu wa Morogoro wa umri wake ni Mbaraka Mwinshehe, hakuna mjadala. Alikuwa msichana mwaka 1970, Morogoro Jazz walipokwenda Japani kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, na anausimulia mwaka huo kama vile yeye ndiye aliyewafungia mizigo. Nikaweka. Akasikiliza ubeti mmoja, kichwa upande.

"Huyu Mbaraka ana mafua."

Nikamweleza kwa upole kwamba rekodi ni za zamani, ni mono, vyombo vya wakati ule.

"Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuwa na mafua. Halafu mbona hakai mahali pamoja? Yuko huku na yuko kule."

Nikaenda nyuma ya amplifaya na tochi. Waya nilizonunua zilikuwa za rangi moja, za bei nafuu, na kwenye spika ya mbele kushoto waya wa tundu jekundu ulikuwa umeingia kwenye jeusi. Ikifanywa hivyo, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi inakonda na mwimbaji anapoteza makazi. Mashine ilinieleza jambo hili hili siku ya jogoo. Nikageuza waya. Mbaraka akapona papo hapo, akasimama katikati ya televisheni, na mama mkwe akaanza kutikisa bega moja, kidogo tu, kwa kuwa mkwe yupo.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye akawa mita. Spika ya kati, inayobeba sehemu kubwa ya maneno ya filamu, aliipandisha desibeli 3 kwa sababu alichoka kusikia watu wananong'ona halafu wanalipuka. Hapo ndipo kidole gumba cha mke wangu kilipopumzika, maana kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuongeza watu wakiongea na kupunguza mabomu yakianza. Ile ya juu ya friji mama aliiambia ishuke. "Anapiga kelele kama kasuku." Ikashuka. Nilipofungua simu kuhakiki, tofauti na vipimo vyangu ilikuwa ndogo sana, na mahali ilipokuwapo, yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza mwezi uliopita, Alhamisi. Siku bandeji ilipotoka aliingia sebuleni, akaangalia sabufa kwa muda mrefu, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Kisha akasema anataka kuliona hilo lijitu linalotembea, lakini kwa Kiswahili. Mwanangu akaenda kwa yule kijana wa mtaani anayejaza filamu kwenye flashi, akarudi na iliyotafsiriwa.

Mnazijua zile. Mtafsiri yuko juu ya kila kitu. Akisema, ngurumo inajishusha ili apite. Nikachomeka, nikawasha mfumo wote, nikakaa kwenye kochi langu lililosogezwa nusu mita. Na ikatoka kwenye spika moja. Nilizunguka na sikio, nikagusa kila boksi. Zile za nyuma kimya, za kushoto na kulia kimya. Sabufa ilikohoa mara mbili. Filamu zile sauti yake ya kushoto na ya kulia ni kitu kimoja, na amplifaya ya kuzungusha sauti ikikuta pande zote mbili zinasema neno lile lile, inajua mwenye neno yuko katikati, inampeleka katikati yote. Nilikuwa nimepima pembe, umbali, desibeli na waya, ili mtu mmoja atusimulie hadithi kutoka boksi moja chini ya televisheni.

Nikanyanyuka kwenda kusimamisha.

"Kaa," alisema mke wangu.

Nikakaa. Dinosaria akaja, maji yakatikisika kwenye glasi, mtafsiri akasema mambo ambayo sidhani mwandishi aliyaandika, mama mkwe akapiga kofi goti, na hakuna aliyerudisha nyuma. Tulikwenda hadi mwisho, saa mbili na dakika kadhaa. Wale watoto ndani ya gari walipona wote wawili.